Kuhama Bila Mkokoteni

Ilianza kwa mlio: tik, tik, kimya, tik,
kama mtu anayetafuna wali wenye mchanga.
Kandidi akatega sikio kwenye kava, akafumba macho,
akasema, "Dada, diski inakuaga.
Usizime. Ukizima haitaamka."

Nikafunga steshenari mchana kweupe,
nikabandika karatasi mlangoni, NARUDI SASA HIVI,
na Mburahati nzima wanajua
sasa hivi yangu ni ya lini.

Mtaa wa Aggrey, ghorofa ya pili, ngazi zenye giza,
nikanunua diski nyepesi kama kadi ya kura,
ndani yake hakuna kinachozunguka.
Nilianzia hamsini. Muuzaji akacheka kwa adabu.
Nikafika sabini na tano, nikalipa, nikasahau kuuliza ukubwa.
Ndipo Kandidi akaipindua kiganjani:
"Hii ina mbio, lakini ni nusu ya ile.
Chagua. Vyote haviingii."

Miaka saba ya mtaa imelala humo.
Barua za Jofrey za kuomba kazi, arobaini na moja,
zote Husika na kichwa cha habari hapo juu.
Kadi ya harusi ya Mwanahija, yenye maua pembeni,
na chini yake, folda hiyo hiyo, barua ya talaka.
Nilichapa zote mbili. Ya pili sikutoza.
Ratiba ya mazishi ya mzee Lipangile,
ambaye niliandika Lipangale,
watu mia mbili wakasimama kaburini
wameshika kosa langu.
Picha za pasipoti za watoto
ambao sasa wana ndevu na madeni.
Folda MPYA. Folda MPYA MPYA. Folda MPYA YA KWELI.

Nakili. Nakili.
Zimebaki dakika tatu. Zimebaki saa mbili.
Zimebaki dakika tatu.
Nikachungulia mita: yuniti moja na nukta.
Nikanunua umeme kwa simu, tarakimu ishirini,
nikakosea ya kumi na saba, nikaanza upya,
Kandidi kashika bisibisi mdomoni, hapumui.

Mwisho kabisa, pembeni peke yake,
barua yangu mimi ya kuomba chuo cha ualimu.
Aya moja na nusu. Haikuchapwa.
Nadhani aliingia mteja.
"Hii haina uzito," alisema Kandidi, "kilobaiti ishirini."
Sikumjibu. Nikaipita.
Nikachukua za Jofrey, zote arobaini na moja.

Kisha mfumo mpya ukaanza maswali, kama karani wa sensa.
Lugha? Nchi? Saa za wapi?
Dar es Salaam haimo kwenye orodha.
Kandidi akabofya Nairobi bila kuona haya:
"Jua ni lile lile, dada."
Ikaandika saba na dakika kumi.
Nikatoa sita kichwani, nikapata saa moja usiku,
na tumbo likakumbuka halijala.

Ikauliza: nani anatumia kompyuta hii?

Miaka yote saba iliniita MHASIBU 2,
jina la kiti fulani katika ofisi ya bima
iliyoniuzia mtumba huu.
Kila asubuhi, Karibu, MHASIBU 2,
nami naitika, navuta stuli, nakaa.

Kandidi alitaka kuondoka na diski kuukuu,
anasema ndani mna sumaku nzuri.
Nikamnyima. Nimeiweka kwenye droo,
pamoja na funguo zisizojulikana ni za nini.
Labda ile aya na nusu bado inatafuna mchanga wake huko.

Nikaandika jina langu, kidole kimoja kimoja,
mimi ninayechapa barua nzima bila kutazama.
Kioo kikawa cheusi. Feni ikanyamaza.
Nikangoja ule mlio, kwa mazoea.

Karibu, Sikudhani.